Usalama wa Karakana ni Sehemu ya Mtaji

Mfanyabiashara anayetaka kuweka fedha zake katika karakana ya kuchomelea huuliza kwanza bei ya nondo na mabomba. Ni mara chache huuliza mafundi wanajikinga na nini. Kwa maoni ya safu hii, swali la pili lina uzito uleule.

Pita kwenye karakana za mageti na madirisha, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au mjini kwako. Si ajabu kumkuta fundi akichomelea kwa miwani ya jua na kandambili. Miwani hiyo haitoshi kuzuia mwanga ule. Saa chache baadaye macho huuma kana kwamba yametiwa mchanga, na kesho yake fundi haonekani kazini. Tuchukue mfano: mafundi 3, kila mmoja akipoteza siku 1 kwa mwezi, ni siku 36 kwa mwaka. Kodi ya eneo haipungui kwa sababu hiyo, wala mteja aliyetoa malipo ya awali hasubiri.

Hasara nyingine huja polepole. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Karakana iliyofungwa pande zote, isiyopitisha hewa, inakula mafundi wake.

Moto nao hausubiri. Cheche huweza kuruka mita 10 au zaidi. Rangi, tina na matambara vikae mbali, mitungi ya gesi isimamishwe na kufungwa mnyororo, na mtu abaki akiangalia angalau nusu saa baada ya kazi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Wengi huvihesabu kuwa matumizi ya kupunguzwa biashara inapodorora. Hilo ni kosa la kihesabu. Ngao ya uso, glavu za ngozi na kizimamoto hutumika kwa oda nyingi. Vistahili kuhesabiwa pamoja na mashine.

Ushauri wetu kwa mwekezaji mdogo: kabla ya kutoa fedha, itembelee karakana wakati wa kazi, bila taarifa. Ukikuta mashine mpya lakini mafundi watatu wanaazimana ngao moja, fedha yako ibaki benki.