Nani Kasema Jua Halijui Kiswahili?

Kuna usemi umenichosha masikio: eti Kiswahili ni cha mashairi na insha, fizikia ni ya Kiingereza. Mimi napinga! Wacha nichukue jambo gumu, yaani sumaku ya jua, tuone kama lugha yetu itashindwa.

Hakuna awezaye kupeleka dira kwenye jua. Basi sumaku yake ilijulikanaje? Mwanga ndio uliotoboa siri. Mwanga ni wimbi. Pitisha kamba katikati ya vyuma vilivyosimama vya geti, mwenzako aishike upande wa pili. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linapita. Ukiitikisa kulia na kushoto, linakwama. Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote. Ule unaotikisika kwa mpango mmoja ndio mwanga wa polaraizi. Hata kioo cha kalkuleta huutoa: kitazame kupitia miwani ya polaraizi, uizungushe polepole, na kioo kizima kitakuwa cheusi. (Lakini usilitazame jua kwa miwani hiyo, utapofuka!)

Mwaka wa 1896, Mholanzi Pieter Zeeman aligundua kwamba sumaku huibadilisha mistari iliyo katika rangi za mwanga. Mwaka wa 1908, huko Mount Wilson, Marekani, George Ellery Hale aliichunguza mistari ya madoa meusi ya jua. Akaikuta imegawanyika, kipande kimoja polaraizi yake ikizunguka kulia, kingine kushoto. Hiyo ni alama ya sumaku, tena yenye nguvu kuliko ya dunia mara maelfu.

Faida yake? Sumaku hiyo ikivurugika, jua hurusha dhoruba mpaka huku. Machi 1989, watu milioni 6 wa Quebec, Kanada, walikosa stima kwa saa 9 hivi.

Sasa niambieni, Kiswahili kimekwama wapi? Tumekopa neno moja mawili, sawa, lakini Kiingereza nacho kilikopa kwa Kilatini na Kigiriki. Na satelaiti ya kuchunguza nyota iliyorushwa karibu na Malindi mwaka wa 1970 iliitwa Uhuru!

Wengi wetu huacha fizikia Kidato cha Tatu, si kwa ujinga, bali maana imefichwa na lugha. Walimu wetu, tufafanulieni kwanza kwa Kiswahili, Kiingereza cha mtihani kifuate. Nacho chama chetu kianzishe ukurasa wa sayansi katika jarida hili. Mcheza kwao hutunzwa.