Serengeti inadai filamu ya pili

MTAZAMO KUTOKA MAKOKO
Na Wambura Masatu

Kila studio kubwa inapofufua picha ya zamani, wapenzi wa filamu hulalamika. Wana sababu, ila wanakosea wanapolaumu umri. Top Gun ya mwaka 1986 ilipata mwendelezo mwaka 2022, miaka 36 baadaye, na wengi waliipenda ya pili kuliko ya kwanza. Rubani aliyekuwa kijana sasa ni mtu mzima mwenye deni kwa rafiki aliyekufa, na hana budi kumtazama usoni mtoto wa rafiki huyo. Muda uliopita ndio uliozaa hadithi. The Lion King ya mwaka 1994 iliporudiwa mwaka 2019, simba walikuwa na manyoya kama ya kweli na sauti ya Mufasa ilikuwa ile ile ya James Earl Jones, lakini miaka 25 haikuwa imeongeza neno kwenye kisa. Kipimo changu basi ni hiki: mwendelezo uliochelewa unastahili kutengenezwa pale miaka ya katikati ilipobadilisha maana ya picha ya kwanza. Kwa kipimo hicho, filamu inayodai mwendelezo kuliko zote inahusu ardhi yetu wenyewe.

Filamu hiyo ni Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Ilitoka mwaka 1959 na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Oscar ya filamu ya hali halisi. Baba na mwana waliruka kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakahesabu wanyama na kufuatilia njia za nyumbu wakati serikali ya kikoloni ikichora upya mipaka ya hifadhi. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959, baada ya ndege hiyo kugongana na tumbusi, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Hofu yao haikuwa ya kubuni, kwa kuwa hesabu yao ilipata nyumbu wasiofika 100,000. Lakini Grzimek aliamini pia kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na watu, hata wenyeji wake. Kwa mtazamo huo, mfugaji na ng'ombe wake wakawa sehemu ya hatari, na dunia ikajifunza kuipenda Serengeti kama nchi isiyo na wenyewe.

Miaka iliyofuata ilileta jambo ambalo filamu ile haikulitarajia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja. Wanasayansi wanaeleza kuwa sababu kubwa ilikuwa kutoweka kwa sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kuua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Nao ulitoweka Serengeti kwa sababu ng'ombe wa pembezoni walichanjwa. Uhai wa nyumbu ulipitia kwenye zizi la jirani, yule yule aliyetazamwa kama tishio. Sijui mwandishi gani wa filamu angeweza kubuni mgeuko mkubwa zaidi ya huo. Wala kisa hakijaisha. Mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zilianza kuhamia Msomera, Handeni. Hapa Mara, ukishika barabara ya Mwanza hadi lango la Ndabaka, unafika karibu na Nyatwali, kata ya Bunda ambayo serikali iliamua wakazi wake walipwe fidia na kuondoka ili hifadhi ifike Ziwa Victoria. Swali la mwaka 1959, nani akae wapi, bado linaulizwa.

Wapo watakaosema kazi ya kale iachwe ilivyo, tena hii iliyogharimu maisha ya kijana. Heshima hiyo naielewa, lakini kuirudia kazi si kuivunja. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairudia na kuitoa upya mwaka 1969, na hakuna aliyesema ameitukana ya kwanza. Wengine watauliza kwa nini tufuate nyayo za Mjerumani badala ya kuanza hadithi zetu. Jibu ni kwamba picha ile bado inafanya kazi vichwani mwa watalii, wafadhili na watunga sera; ukiinyamazia, umeikubali. Na watakaonikumbusha The Royal Tour, filamu ya mwaka 2022 ya kuitangaza Tanzania, wana hoja kwamba taifa linaweza kusimamia filamu kubwa. Ila ile ilikusudiwa kumwita mgeni, na mwaliko si mahali pa kuhesabia madeni.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba filamu inayowapa wanavijiji nafasi inaweza kugeuka silaha dhidi ya uhifadhi. Ingekuwa hivyo kama ingedanganya. Ikisema kweli, itaonyesha ujangili pamoja na mashamba yanayofyekwa na tembo usiku mmoja, mapato ya utalii pamoja na anayeyakosa, askari wa wanyamapori pamoja na mama aliyepoteza shamba. Uhifadhi unaotegemea majirani kunyamaza ni dhaifu, na kisa cha sotoka kinathibitisha kwamba hifadhi ilipona pale jirani alipohudumiwa. Kwa hiyo naiomba Bodi ya Filamu Tanzania na watayarishaji wetu wasiiache kazi hii kwa kampuni za ng'ambo. Waandishi watoke Bunda, Butiama na Serengeti, wasimulizi waseme Kiikizu, Kiikoma na Kikurya pamoja na Kiswahili, na picha ioneshwe kwanza katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, kabla haijapelekwa kwenye tamasha lolote. Grzimek aliiambia dunia kwamba Serengeti isife. Sehemu ya pili iseme imeishi kwa gharama ya nani, na nani amlipe.