Magnetroni Imekufa? Nani Kakwambia?

Haya wadau, nimerudi chuo salama. Najua nilipotea. UE ilinibana, halafu likizo nikajiendea zangu nyumbani Same. Leo sileti stori za bumu kuchelewa wala foleni ya kafeteria. Leo nina ugomvi. Si mnatutania Wapare kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku? Sawa, taniani tu. Kesi yangu leo ni ya maikrowevu.

Iko hivi. Mama mdogo anakaa Same mjini, na ana maikrowevu ya mtumba aliyoinunua kwa hela ya tangawizi ya kule Mamba. Kazi yake kubwa ni kupasha makande ya jana. Siku moja ikaanza kutoa cheche ndani, tatatata, na harufu ya kuungua. Akaipeleka kwa fundi. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Akaiwasha, akaona cheche, akatoa hukumu: "Mama, magnetroni imekufa. Nunua nyingine, hii niachie nikupe elfu kumi ya spea."

Hapo ndipo damu ikanichemka. Magnetroni ndiyo inayozalisha mawimbi ya kupasha. Ikifa, taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma, lakini chakula kinatoka baridi vile vile. Hii ya mama mdogo ilikuwa inachemsha maji ya chai bila shida. Maiti gani huyo anayechemsha chai?

Nikachomoa plagi, nikachungulia. Ndani, kwenye ukuta wa pembeni, kuna kipande chembamba kigumu kama karatasi ya boksi. Hiyo ni maika, inaziba tundu ambalo mawimbi yanapita kuingia kwenye chakula. Ilikuwa imerukiwa na mafuta ya makande miezi na miezi, ikaungua, ikatoboka. Mafuta yakiungua yanageuka mkaa, na mkaa unapitisha umeme, cheche zikatokea hapo. Nikanunua maika mpya, nikaikata kwa mkasi kwa kufuatisha ile ya zamani, nikafuta ukuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni, nikaacha pakauke kabisa, nikairudishia. Hela iliyotumika haifiki hata nauli ya kupanda Mamba. Mpaka naondoka, makande yanapashwa kama kawaida.

Sasa nasema wazi: tunaliwa hela kwa sababu hatutaki kujua vitu vidogo. Sahani haizunguki? Toa kile kiringi chenye vigurudumu, kioshe, kipachike sawasawa, mara nyingi ni punje ya mahindi tu imekwama. Haiwaki kabisa? Chomeka pasi kwenye soketi hiyo hiyo uone kama umeme upo, kisha angalia fyuzi ya plagi, kisha futa kingo za mlango, maana usipofunga vizuri swichi za usalama hazibonyezwi na mashine inagoma. Inapasha kivivu? Weka kikombe cha maji dakika mbili, jaribu mchana, jaribu na usiku wakati kila nyumba imewasha vitu. Umeme ukipungua nguvu, na mashine inalegea. Inatoa cheche? Kabla hujamlaumu mtu, angalia kama hukuweka kijiko, au ile sahani ya wageni yenye ukingo wa dhahabu. Yote haya hayahitaji bisibisi.

Najua kuna atakayesema, "We naye, Watanzania wengi wanapikia kuni na mkaa, wewe unatuletea anasa." Ndugu yangu, ndiyo maana nalia! Tajiri ikimharibikia anatupa. Mama mdogo aliyelima tangawizi msimu mzima ndiye anayeumia akiambiwa "imekufa."

Lakini wadau, nisijitangaze sana. Sifa zilinipanda kichwani. Mtaa mzima ukasikia "mwalimu anatengeneza maikrowevu", jirani naye akaleta ya kwake. Hii kweli ilikuwa haipashi. Nikaangalia video moja ya dakika tano kwenye simu, nikachomoa plagi, nikashika bisibisi nifungue bodi. Binamu yangu aliyesoma umeme VETA alikuwa amekaa pembeni anakula. Akaacha sahani.

"Mwalimu, weka hiyo bisibisi chini."

"Si nimeshachomoa?"

"Umechomoa ukutani. Kapasita umeichomoa?"

Nikaganda. Mimi nasoma ualimu wa fizikia. Kapasita nimeichora kwenye mtihani, nimekokotoa chaji yake mpaka nukta ya mwisho, nikapata A. Na sikukumbuka kwamba iko pale ndani. Transfoma ya maikrowevu inapandisha umeme wa volti 230 mpaka zaidi ya volti 2,000, kisha kapasita na dayodi zinaongeza tena. Kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi, na ukiigusa inaweza kusimamisha moyo wako. Binamu hana digrii. Aliniambia yeye mwenyewe haifungui kama hana vifaa vyake vya kuitoa chaji. Siku hiyo hakuwa navyo, basi hakuigusa. Jirani akarudi na mashine yake.

Hiyo video ilisema mambo yote isipokuwa hilo. Sasa niambieni, kati ya fundi anayesema "imekufa" bila kuangalia na kijana wa video anayekwambia "fungua tu", nani mbaya zaidi? Mmoja anakula hela yako. Mwingine anaweza kukuzika.

Na sisi walimu watarajiwa je? Mwaka 1945, Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon kule Marekani alikuwa karibu na magnetroni ya rada, pipi ikamyeyukia mfukoni, na hapo ndipo wazo la maikrowevu lilipoanzia. Jamaa huyo hakumaliza hata shule ya msingi, alijifunza kwa mikono na kwa kusoma mwenyewe. Sisi tuna vyeti, tunakwenda BTP tunachora kapasita ubaoni, mistari miwili sambamba, "andikeni", kengele inalia. Mtoto anatoka na alama A na kidole kisichojua kinachogusa. Kama mimi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na anayebisha aje na hoja, siyo matusi. Kila kilicho nje ya bodi jifunze, shika, safisha, badilisha, usikubali kuambiwa "imekufa" na mtu ambaye hajaangalia. Ukifika kwenye zile skrubu za bodi, simama. Mlango ukipinda au kioo kikipasuka, usiwashe kabisa. Tafuta fundi, na kabla hujamwachia mashine muulize swali moja tu: "Kapasita unaitoaje chaji?" Akikukodolea macho, beba maikrowevu yako urudi nyumbani ukapashe makande kwenye sufuria.

BTP ijayo nitapeleka kapasita darasani, ndogo ya redio mbovu, waishike. Binamu keshaniahidi kunipa tatu.