Jina Lililo Usoni mwa Saa

Saa yaweza kutuambia kwamba sasa ni saa nne na robo, lakini haituambii ilizaliwa mwaka gani wala ni ya ukoo gani. Jina lililoandikwa usoni pake si ushuhuda wa kutosha. Wapenzi wa saa za kale wamelijua jambo hilo kwa hasara, hasa wale wanaotafuta saa ziitwazo kronografu.

Kronografu ni saa yenye mshale wa pekee, uwezao kuanzishwa, kusimamishwa na kurudishwa mahali pake kwa kubonyeza kitufe, huku mishale mingine ikiendelea na kazi yake. Jina hilo latoka katika Kigiriki, maana yake ni mwandika wakati. Nayo saa yaandika nini? Ile ya Mfaransa Nicolas Rieussec iliandika kweli: tarehe 1 Septemba 1821, katika mashindano ya farasi mjini Paris, ilidondosha tone la wino juu ya uso wake kila farasi alipofika mwisho. Kwa muda mrefu vitabu vilimtaja Rieussec kuwa baba wa kronografu. Ndipo mwaka 2012 chombo kidogo cha Louis Moinet, Mfaransa mwenzake, kikauzwa mnadani mjini Geneva. Mihuri iliyopigwa juu yake ilionyesha kwamba kilianzwa mwaka 1815, kikamalizika mwaka 1816. Moinet alikitumia kwa kutazama nyota, nacho chapima hata sehemu moja ya sitini ya sekunde! Vitabu vikalazimika kusahihishwa kwa ajili ya mihuri ambayo jicho tupu huisoma kwa shida.

Basi, mwenye kuchunguza saa huanza nyuma, si mbele. Hufungua kifuniko, akasoma nambari iliyochongwa kwenye mtambo. Kisha hulinganisha mtambo na kasha, kasha na uso, uso na mishale. Tutwae mfano wa Omega Speedmaster, ambayo ilitokea mwaka 1957. Saa za kwanza zilikuwa na mshale wa saa mpana kama ncha ya mkuki. Mwaka 1959 toleo jipya likapewa mishale myembamba. Ukiiona saa ya 1957 yenye mishale ya baadaye, usimwite mwenyewe mwizi. Labda mishale ya kwanza iliharibika, na fundi mwema akatia aliyokuwa nayo mezani. Lakini saa hiyo si tena ile iliyotoka kiwandani, na muuzaji hana budi kusema hivyo.

Wengine hawasemi. Mwezi wa Novemba 2021 Speedmaster ya mwaka 1957 ilipigwa mnada mjini Geneva. Ilikadiriwa kupata faranga za Uswisi 80,000 hadi 120,000. Ikauzwa kwa zaidi ya milioni 3.1. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kwamba saa hiyo ilikuwa ya viraka: vipande vingi vilikuwa vya asili, lakini vilikusanywa kutoka saa mbalimbali na kuunganishwa, tena baadhi ya watumishi wake wa zamani walihusika. Tuangalie vizuri udanganyifu huu. Ukitazama kipande kimoja kimoja, karibu kila kimoja chasema kweli. Vyote pamoja vyasema uongo. Wala bei kubwa haikuwa ushahidi wa lolote, ingawa wengi hudhani kwamba kitu cha ghali hakikosi kuwa halisi.

Kuna shahidi mwingine, naye atoka karibu na kwetu. Zamani namba za saa zilipakwa rangi yenye radiumu ili zing'ae gizani. Mwaka 1915 mawe ya uraniumu yalivumbuliwa Shinkolobwe, katika Katanga. Tangu 1921 yakachimbwa, yakapelekwa Olen, Ubelgiji, na huko radiumu ikatolewa. Kwa miaka kadhaa Ubelgiji ikatawala soko la radiumu duniani, hata migodi ya Colorado, Marekani, ikashindwa. Si ajabu basi kama mavumbi ya Katanga yamezunguka dunia juu ya mikono ya watu wasiojua hata jina la Katanga.

Radiumu hupungua nusu kwa muda wa miaka 1,600 hivi. Rangi iliyochanganywa nayo huchoka mapema, ikawa ya kahawia na kuacha kung'aa, lakini mionzi yabaki, na kipimo cha Geiger huisikia hata kupitia kioo. Tangu miaka ya 1960 viwanda vilishika tritiumu badala yake, vikaiandika kwa herufi T chini ya uso wa saa. Hiyo hupungua nusu kwa miaka 12 tu. Saa yenye herufi T ya miaka ile ikiendelea kuwaka usiku kucha, rangi yake imepakwa juzi. Na saa isemwayo kuwa ya 1940, yenye rangi ya radiumu, ambayo haikiamshi kipimo hata kidogo, hiyo nayo ina maneno ya kujibu.

Lakini uchunguzi huu si mchezo wa watoto. Katika miaka ya 1920 wasichana wa viwanda vya Marekani walichongoa brashi za radiumu kwa midomo yao. Wengi walioza mifupa ya taya, na baadhi yao wakafa. Nyumbani ikiwapo saa ya babu yenye namba za rangi ya kahawia, mwanafunzi asiifungue kwa kisu ili asome nambari ya ndani, wala asikwangue rangi ile. Vumbi lake likiingia kifuani halitoki kwa urahisi. Apelekewe fundi, naye aambiwe, kabla hajashika bisibisi, kwamba saa hiyo huenda ina radiumu.