Andika Ukweli, Usimchome Mwenzako

Skiza yakhe. Kama wataka kuandika hadithi na huna karo ya chuo (mimi mwenyewe chuo niliachana nacho njiani), walimu wapo. Shida ni kuwa baadhi yao umeambiwa usiwaguse, kwa sababu wanaandika kuhusu mapenzi ya jinsia moja.

Anza na Binyavanga Wainaina. Januari 2014 alichapisha maandishi ambamo anamwambia mamake kuwa anapenda wanaume wenzake. Mama alikuwa ameshafariki tangu 2000. Mazungumzo yale hayakutokea, aliyabuni, na bado yanauma kama kweli. Usiloweza kulisema, andika vile ungelisema.

Halafu kuna Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Hadithi yake "Jambula Tree" ilishinda Tuzo ya Caine 2007. Msichana anazungumza na msichana aliyempenda, basi. Hahutubii taifa. Nawe chagua mtu mmoja wa kumwambia.

Hadithi hiyo ndiyo Wanuri Kahiu alijengea filamu yake Rafiki. Ilipigwa marufuku nchini Aprili 2018, kisha Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe siku saba. Tazama mtaa ulivyojaa mle ndani: mpira, kibanda, kanisa, udaku. Mapenzi yanaaminika kwa sababu mtaa unaaminika.

Utaniambia dini na mila. Sawa, imani yako ni yako, lakini kusoma si kuapa. Na fumbo si geni kwetu. Muyaka alilisuka hapa hapa Mvita karne ya 19, na leso ya mamako husema asichotaka kukitamka.

Lakini sikubaliani na wanaosema, "Andika maisha yako tu." Maisha yako yana watu ndani. Huku Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba na kila mtu ni binamu ya mtu. Ukiandika kijana wa ghorofa ya pili, mlango wa nakshi, nyuma ya msikiti fulani, ushamtaja. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu kinabeba kifungo cha hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Na kabla polisi hawajafika, kuna ndugu zake, mwenye nyumba, mwajiri. Binyavanga alitoa siri yake mwenyewe. Ya mwenzako si yako kuitoa.

Kubadilisha jina hakutoshi. Badilisha kazi, mtaa, umri. Hofu iache vile ilivyo, manake hofu ndiyo hadithi.

Nina hadithi moja naipenda kuliko zote nilizoandika. Kabla ya kuituma popote nilimpa rafiki yangu aisome. Akajijua kwa mstari mmoja tu, wa vile anavyoshika kikombe cha kahawa tungu. Akasema hapana. Iko kwenye daftari, na huko itakaa mpaka yeye aseme.

Yako je? Uliyemwandika, ameisoma?