Kwa mwenye HIV, ‘homa tu’ si homa tu

Mtaani kwetu mtu akianza kupiga chafya tunamwambia anywe ‘dawa’, ile ya tangawizi, ndimu na asali, kisha arudi kazini. Mwaka jana rafiki yangu alifanya hivyo siku tano. Siku ya sita tulimpakia kwenye teksi hadi hospitalini, midomo imebadilika rangi, anahema kama mtu aliyepanda ngazi za orofa kumi. Aliwekewa oksijeni. Ni pale kitandani ndipo nilipojua ana HIV, na kwamba alikuwa ameacha kumeza ARV kwa miezi kadhaa.

Amenipa ruhusa kuandika haya, kwa hivyo msinirukie. Ninachouliza ni mbona siku hizo zote hakuna aliyeshtuka. Kwenye kemisti aliuziwa vidonge vya mafua bila kuulizwa lolote. Lakini hata angeulizwa, jameni, angejibu nini na watu watatu wako nyuma yake kwenye foleni wakisikiza?

Wengi wetu tulikuwa wadogo Juni 2009, WHO ilipotangaza H1N1, ile tuliyoita homa ya nguruwe, kuwa janga la dunia. Mwezi huohuo iliingia Kenya. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa mwanafunzi Mwingereza aliyekuwa Kisumu. Kule Afrika Kusini, madaktari walipochunguza vifo vya mwanzo, takriban nusu ya marehemu ambao hali yao ilijulikana walikuwa na HIV. Janga lilitangazwa kwisha Agosti 2010, lakini kirusi hakikuenda popote. Kizazi chake bado kinazunguka, pamoja na aina nyingine za mafua.

Sasa tusitishane. Anayemeza ARV kila siku hadi virusi havionekani kwenye kipimo ana kinga nzuri, na mara nyingi mafua humwisha kama yanavyokuisha wewe. Shida ni aliyeacha dawa, ambaye hajapimwa, ama ambaye CD4 zimeshuka chini ya 200. Kwake mafua yanaweza kushuka mapafuni na kuifungulia nimonia mlango. Akifika wodini, dalili zinafanana na za TB, na siku zinapotea hapo. Oseltamivir, dawa ya mafua makali, husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Huyu wangu alifika siku ya sita.

Mimi naona chanjo ya mafua ingepatikana palepale CCC, bure, siku mtu anapoenda kuchukua ARV. WHO yenyewe huwataja wanaoishi na HIV kati ya wanaofaa kukingwa. Hapa kwetu wengi wanaoipata huinunua katika hospitali za kibinafsi, na kijana wa kibarua atatoa wapi? Najua mtasema pesa hazipo, hasa baada ya Marekani kusitisha misaada Januari 2025 na kliniki nyingi kuyumba. Ni kweli. Lakini siku tisa za oksijeni pia zina bei. Tulizichangia kwenye WhatsApp, mia mia.

Nilipomuuliza kwa nini aliacha dawa, alisema alihamia keja na msee mwingine akachoka kuficha kopo ndani ya soksi. Siku hizi linakaa mezani kando ya chaja. Saa tatu usiku ikifika, huyo mwenzake ndiye humuuliza kama amemeza.