Gari la Milioni 15, Bima ya Milioni 10
Anayekwenda kukata bima ya gari siku hizi huuliza bei kabla hajavuta kiti. Bima ndogo, ile ya shilingi 118,000 kwa gari dogo la kutembelea, inamtoa trafiki dirishani na kumlipa uliyemgonga. Bampa lako na taa zako ni juu yako. Bima kubwa hukokotolewa kwa thamani ya gari, kwa kawaida asilimia 3.5 kabla ya VAT, na hapo ndipo ujanja wetu unapoanza: gari la milioni 15 linaandikwa milioni 10 ili ada ishuke. Likigongwa likapata hasara ya milioni 3, kampuni nayo inapiga hesabu ileile, inakubali theluthi mbili tu, milioni 2, kisha inakata sehemu unayopaswa kubeba mwenyewe. Wakala aliyekushauri hivyo siku hiyo hapokei simu. Kwa gari kuukuu lisilofika hata milioni 5 sokoni, mimi ningekata bima ndogo, kinachobaki nimwekee fundi. Lenye mkopo halina mjadala, benki yenyewe itadai bima kubwa. Na stika ya bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima Tanzania, ungali mbele ya wakala, risiti mkononi.